Sentensi ya Ukurasa wa Tatu

Inspekta alipofika kituoni asubuhi ile, simu ya wizara ilikuwa imeshalia mara tatu, na Mkuu wa kituo alikuwa ameipokea mara zote tatu akiwa amesimama.

"Saa nane mchana," Mkuu alimwambia kabla hajaweka mkoba wake chini. "Saa nane yule mwanamke anatimiza saa ishirini na nne mikononi mwetu. Sheria inasema apelekwe mahakamani au atoke. Wizara wanataka apelekwe."

"Kwa kosa gani, mkuu?"

"Kubadilisha waraka wa serikali kwa makusudi. Mwandiko ni wake na hajaukana. Unataka nini zaidi?"

"Mwandiko ninao," alisema Inspekta. "Makusudi ndiyo sijayaona."

Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama sufuria isiyotaka kuchemka. Wenzake kituoni walimwita Bi Polepole akiwapa kisogo, naye alijua, na hakuwahi kuharakisha chochote ili kuwakanusha.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Kiwanda cha uchapaji cha serikali kilikuwa kimechapa vijitabu elfu arobaini vya haki za raia, vya kugawiwa shuleni. Ofisa mmoja wa wizara akafungua nakala moja na kuishia ukurasa wa tatu. Mswada wa wizara ulisema: "Serikali inampa kila raia haki zifuatazo." Kijitabu kilichochapwa kilisema: "Kila mtu huzaliwa na haki zifuatazo, na kazi ya serikali ni kuzilinda." Vijitabu vyote vilifungiwa ghalani. Mwanamke aliyesahihisha prufu, yaani karatasi za majaribio zinazopitiwa kabla ya kuchapa, alikamatwa mezani kwake kalamu ikiwa bado mkononi.

Sasa alikuwa ameketi kwenye chumba cha mahojiano, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye doa la wino mwekundu kwenye kidole cha kati.

"Umelala?" Inspekta alimuuliza.

"Kidogo. Yule dada wa seli ya pili anakoroma kama mashine yetu ya kukunja karatasi. Nilijiona niko kazini."

Inspekta akaweka prufu mezani. Sentensi ya wizara ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni ile nyingine imeandikwa kwa herufi ndogo zilizosimama wima.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Nani alikwambia uandike hivi?"

Msahihishaji alitazama doa lake la wino.

"Una haki ya kukaa kimya," alisema Inspekta. "Nilikwambia jana, na leo nakukumbusha."

"Hiyo haki umenipa wewe, Inspekta?"

"Hapana. Mimi nakukumbusha tu."

"Basi aliyenipa nitamshukuru, maana leo naihitaji."

"Saa nane utapelekwa mahakamani. Nyumbani umemwacha nani?"

"Mama yangu. Jirani anamwangalia."

"Na ukisema, nani ataumia?"

Mwanamke akainua macho haraka, kisha akayarudisha kwenye kidole.  Inspekta alifungua daftari lake akaandika maneno mawili: *Anamlinda mtu.*

Nje, Sajenti alikuwa amejiegemeza ukutani na funguo za gari mkononi. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyefanya kazi na Inspekta miaka sita na kujifunza kutembea taratibu.

"Kimya kingi kina mshindo, afande."

"Hiki kina mtu ndani yake. Twende kiwandani."

Garini Inspekta aliiweka prufu mapajani, akaisoma tena kutoka juu hadi chini. Marekebisho yalikuwa kumi na moja: nukta hapa, herufi iliyoruka pale, na ile sentensi. Pembeni ya kila rekebisho palikuwa na herufi za kwanza za jina la Msahihishaji na tarehe.

"Sajenti, ukienda kuiba kuku, unaacha kitambulisho chako bandani?"

"Labda ni mwizi mwenye nidhamu."

"Labda. Au ni mtu aliyedhani anafanya kazi yake."

Chini ya ukurasa palikuwa na sahihi mbili. Ya Msahihishaji ilikaa juu ya mstari wake kama mtoto aliyeambiwa atulie. Ya pili ilikuwa ya mzee ambaye kiwanda kizima kilimwita Msomaji. Hiyo ilianzia kwenye mstari, ikapanda, ikaenda kulala juu ya maneno ya mwisho ya ukurasa. Inspekta aliigusa kwa kidole, akakunja karatasi.

"Yule mzee alisema nini jana?"

Sajenti alikumbuka bila kufungua faili. "Kwamba yeye ndiye aliyeshika mswada na kuusoma kwa sauti, na mwanamke akasahihisha. Kwamba alimsomea neno kwa neno. Hayo ndiyo yaliyommaliza yule mama, afande. Kama mzee alisoma sawasawa, basi mama ameandika yake."

Kiwandani, mtu wa kwanza waliyemkuta ni Mpanga Kurasa, fundi wa kompyuta aliyefunga vifungo vya shati hadi shingoni. Sajenti alikuwa amesikia kwamba wiki iliyopita fundi huyo alibishana na nusu ya kiwanda wakati wa chai kuhusu hiyo hiyo sentensi.

"Nilibishana na sijutii," alisema Mpanga Kurasa. "Nilipokuwa naipanga niliona kosa lake. Eti serikali inampa. Haki za mwanadamu zimetoka kwa Mungu. Serikali ni mpokeaji tu, kama mimi ninavyopokea mswada. Nikishaupokea, nijiite mwandishi?"

"Ungepata nafasi ungeirekebisha?"

"Ningeirekebisha, na jina la Mungu ningeliandika kwa herufi nene."

"Na kwa nini hukufanya hivyo?"

"Kwa sababu napanga kilicholetwa. Ndiyo kazi yangu. Hata kikiwa cha kipumbavu, nakipanga vizuri."

Walipotoka, Sajenti alinong'ona, "Afande, huyo amekiri nusu nzima."

"Soma sentensi iliyochapwa. Mungu yuko wapi?"

Sajenti akaisoma, midomo ikicheza. "Hayumo."

"Mtu yule akijaliwa kuiba sentensi moja maishani, atamwacha Mungu nje? Tena prufu iliyotoka kwenye kompyuta yake ililingana na mswada. Ilitoka kwake safi. Kilichotokea kilitokea katika chumba cha kusomea."

Kabla ya kwenda huko, alipita kwa mtunza kumbukumbu akaomba prufu zote zilizotiwa sahihi kwa miaka mitatu, pamoja na miswada yake. Alizipanga sakafuni kwa tarehe, akapiga magoti. Sajenti alisimama akishika kofia. Miaka mitatu nyuma, sahihi ya Msomaji ilikaa juu ya mstari. Mwaka jana ilianza kuelea. Mwaka huu kila karatasi ilikuwa na yake: moja imeteleza hadi ukingoni, nyingine imeandikwa juu ya sahihi ya mwenzake. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Kona za kurasa za miswada ya mwaka huu zilikuwa zimekunjwa, ukurasa wa kwanza mkunjo mmoja, wa pili miwili, wa tatu mitatu.

"Kijitabu hiki cha haki," Inspekta alimuuliza mtunza kumbukumbu, "kiliwahi kuchapwa kabla ya mwaka huu?"

"Kila mwaka, mama. Miaka ishirini na miwili. Kile kile, jalada tu ndilo hubadilika rangi."

Akamletea cha mwaka uliopita, chenye jalada la kijani. Inspekta akafungua ukurasa wa tatu. *Kila mtu huzaliwa na haki zifuatazo, na kazi ya serikali ni kuzilinda.* Neno kwa neno, mpaka mkato wa katikati.

Sajenti alipiga mluzi mdogo. "Kwa hiyo wizara ndio waliobadilisha."

"Wizara walibadilisha sentensi moja na hawakumwambia mtu. Haki yao, kijitabu ni chao. Aliyeipanga aliiona. Kuna mtu mmoja ambaye hakuiona."

Chumba cha kusomea kilikuwa kidogo, chenye meza moja dirishani na viti viwili vinavyotazamana. Kiti kimoja kilikuwa kitupu. Kwenye cha pili aliketi mzee mwembamba, koti limepigwa pasi, viganja vimetulia juu ya meza. Aligeuza uso kuelekea mlangoni waliposhika kitasa.

"Ni watu wawili," alisema. "Mmoja mzito, mmoja hana haraka. Karibuni."

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Inspekta."

"Marahaba, mwanangu. Mmemrudisha binti yangu wa kazi?"

"Bado. Nimekuja unifundishe kazi yenu. Nataka kuielewa kabla sijamhukumu mtu."

Mzee alinyooka kidogo kitini. Kazi yao, alieleza, ilikuwa na mwiko mmoja. Anayeshika mswada haangalii prufu, na anayeshika prufu haangalii mswada. Mmoja husoma kwa sauti, pamoja na nukta na mikato yote; mwingine hufuata kwa kalamu, na asichokisikia hukifuta, na alichokisikia hukiandika.

"Macho manne yakitazama karatasi moja huoneana aibu," alisema. "Kila moja hudhani jingine limeona. Kwa hiyo tunatengana. Yeye anaamini mdomo wangu, mimi naamini kalamu yake. Miaka kumi na tisa tumekaa hivi."

"Naomba tukae hivyo na mimi."

Inspekta akaketi kwenye kiti kitupu na prufu safi mbele yake, akamkabidhi mzee mswada wa wizara. Vidole vya mzee vilikwenda kwanza kwenye kona ya karatasi, vikapapasa kidogo.

"Huu ni upi?"

"Kijitabu cha haki za raia. Ukurasa wa tatu."

"Ah, huu." Mzee akatabasamu, akauinua mswada kwenye mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti nzuri, isiyo na haraka, iliyozoea kusikilizwa. "Sura ya kwanza. Mstari mpya. Kila mtu huzaliwa na haki zifuatazo, mkato, na kazi ya serikali ni kuzilinda, nukta."

Sajenti alifungua mdomo. Inspekta akainua kidole, na mdomo ukafungwa. Alimwacha mzee asome hadi chini ya ukurasa, haki moja baada ya nyingine, bila kukosea. Kisha akaweka kalamu mezani.

"Umesoma vizuri sana, mzee. Ila karatasi uliyoshika haisemi hivyo."

 Mzee alipitisha kiganja juu ya mswada, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Inasema nini?"

Inspekta akamsomea.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka huu."

"Na hiyo ndiyo waliyokuwa wakinung'unikia jana? Askari waliniambia tu kuna maneno yamebadilishwa. Nikawaambia hapana, nimemsomea mwenyewe." Aliweka mswada chini, akaulinganisha na ukingo wa meza kwa vidole. "Kumbe nilikuwa namfunga."

"Unaona kiasi gani, mzee?"

"Dirisha naliona. Wewe ni kivuli chenye sauti ya upole." Alipapasa kona ya mswada. "Jioni mke wangu hunisomea mswada, mara mbili, mara tatu, nami nauweka kichwani. Asubuhi nakuja nao. Siku hizi tunaletewa matangazo mafupi, kurasa tatu, nne. Kitabu kirefu kingeniumbua zamani. Lakini huu sikumsumbua. Alikuwa amechoka, nikamwambia lala, mama, hiki nakijua tangu nikiwa na meno yote. Mazoea yana taabu, mwanangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Humu ndani jina langu ni Msomaji. Nikisema sisomi, mtaniita nani?"

 Inspekta akasema lile alilopaswa kusema. "Mzee, hulazimiki kutoa maelezo. Yeye ana haki ya kukaa kimya, na wewe pia unayo."

"Hiyo naona mwenzangu ameshaitumia kwa ajili yetu sote wawili," alisema mzee akiinuka. "Nipeni mkono. Ngazi za hapa nazijua, za kwenu sizijui."

Walipitia nyumbani kwake, kwa kuwa alitaka mkewe asikie kwake kabla ya kusikia kwa jirani. Bibi alitoka mlangoni akifuta mikono kwa kanga, akaona gari la polisi, akaona mumewe ameshikwa kiwiko.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, mama."

Alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. Akarudi ndani, akatoka na sweta, akamvisha mumewe juu ya koti bila kuuliza kama anasikia baridi. "Mrudisheni akiwa amekula," aliwaambia polisi, na hilo lilikuwa agizo.

Njiani Sajenti hakuweza kujizuia. "Mzee, hiyo sentensi umeisoma miaka ishirini na miwili. Wewe unaamini ipi? Tumezaliwa nazo, tumepewa na Mungu, au ni za serikali?"

"Nilipokuwa naona, nilikuwa nasoma tu. Macho yalipopungua ndipo nikaanza kusikiliza ninachokisema." Mzee aligeuza uso kwenye upepo wa dirisha. "Binti yangu wa mwisho alizaliwa wakati ofisi za vizazi zimefungwa kwa mgomo. Cheti tulikipata baada ya miezi mitano. Miezi mitano serikali haikujua kama yupo. Alinyonya, akalia, akalala kifuani kwangu. Mtu angemdhuru, ningesema ngoja kwanza, huyu bado hajapewa haki?"

"Na Mungu?"

"Mungu alimjua. Hapo mimi na Mpanga Kurasa hatugombani. Tunagombania tu mahali pa kuliandika jina lake."

"Lakini mzee, bila serikali nani angemkamata aliyemdhuru?"

"Wewe," alisema mzee. "Kwani hukuandikwa kazi kwa ajili hiyo?"

Sajenti alicheka, akaendesha hadi kituoni.

Saa saba na dakika ishirini Inspekta alianza kuandika maelezo. Aliandika jaribio la chumba cha kusomea, Sajenti akiwa shahidi. Akaambatanisha prufu tano zenye sahihi zinazopanda, na kijitabu chenye jalada la kijani. Kwa mujibu wa sheria, maelezo husomewa mwenyewe kabla hajatia sahihi. Inspekta aliyasoma yote, nukta kwa nukta, na mzee alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama.

"Hapo umeandika 'kipofu'," alisema mzee. "Andika 'haoni vizuri'. Dirisha nimekwambia naliona."

Inspekta akarekebisha. Kisha akachukua kidole cha mzee akakiweka mwanzo wa mstari, na sahihi ikakaa mahali pake.

Mkuu alisoma kurasa zote mbili, akazirudia.

"Wizara nitawaambia nini?"

"Waambie ni mazoea, mkuu."

"Mazoea nayo si kosa?"

"Yana taabu. Lakini hayana kifungu cha sheria."

Mkuu alikuna shavu. "Wataniuliza kwa nini tumempa uhuru kabla hawajaridhika. Nani ametoa idhini? Fomu hii ina nafasi ya jina." Akaigonga kwa kalamu. "Niandike lako, au langu?"

"La yeyote, mkuu, litakuwa si kweli. Uhuru hatukumpa sisi. Tulikuwa na sababu ya kumzuia. Sababu imekwisha."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tisa. Simu iliita mezani. Mkuu aliitazama, akaiacha iite, na kwenye nafasi ile ya jina akaandika: *Sababu ya kumzuia imekwisha.* Akajaza muda, akatia sahihi. Ndipo akapokea simu, safari hii akiwa ameketi.

Msahihishaji alitolewa seli akiwa na viatu mkononi. Alipomwona mzee kwenye benchi la ukumbini, amevalishwa sweta juu ya koti, alisimama.

"Baba, umekuja kufanya nini hapa?"

"Nimewaambia."

"Nani kakutuma? Ningekaa hata wiki."

"Najua. Ndiyo maana sikungoja iishe." Mzee alinyoosha mkono hewani, naye akausogelea ili umfikie. "Tangu lini ulijua?"

"Tangu ulipoanza kukunja kona za karatasi. Nilidhani unanificha mimi, nikakuacha unifiche."

"Kwa hiyo tumefichana mwaka mzima mezani pamoja."

"Tumefichana vibaya," alisema, na akacheka huku anajifuta macho kwa kidole chenye wino. "Jumatatu watakuuliza."

"Jumatatu nitamwambia meneja mwenyewe. Wewe utakuwepo?"

"Niende wapi?"

Alivaa viatu akimshikilia mzee begani. Inspekta aliwafungulia mlango, akarudi dirishani na faili lake. Mbele ya kituo palikuwa na ngazi za saruji zinazoshuka barabarani. Mzee alisimama juu yake, kichwa kimeinama upande kama anayesubiri kuanza.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Tano. Ya tatu imemeguka upande wako."

"Basi nisomee."

Msahihishaji akashika kiwiko chake. "Moja," alisema, na mzee akashusha mguu bila wasiwasi wowote.